Andazi Lililoushinda Mkate Migodini

Zamani Msukuma hakuuwazia mkate. Alikuwa na michembe na matobolwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza. Vyote hukaa ghalani miezi kadhaa bila kuoza. Ngano si zao la Usukuma, na unga wake ulipata njia rahisi ya kufika Shinyanga baada ya reli ya Tabora hadi Mwanza kukamilika mwaka 1928.

Kisha ikaja migodi. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui. Geita, ambako Wajerumani walishaiona dhahabu mwaka 1898, mgodi ulioanzishwa na wakoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mtu wa zamu hangoji ugali uive. Anataka kitu cha kushika mkono mmoja, kikombe cha chai mkono wa pili. Mkate ungefaa, ila mkate unadai tanuri, na tanuri linadai mtaji.

Andazi, mgeni kutoka pwani, linadai karai tu. Ndiyo maana wachimbaji wadogo walipomiminika Nyarugusu, Lwamgasa na Kakola, andazi liliwafuata hadi kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, mahali ambapo gari la mkate lingekwama matopeni. Mama lishe hukanda unga usiku kwa hamira, sukari na iliki, akaufunika uumuke. Alfajiri hutupia kipande kidogo kwenye mafuta: kikizama na kukawia kupanda, moto bado. Wachimbaji wanapoamka, beseni limeshajaa. Anayesubiri kifusi chake kisagwe kwenye karasha hukopa, na deni huandikwa daftarini mpaka dhahabu ionekane. Kwa maoni yangu, daftari hilo limeendesha machimbo mengi kuliko benki yoyote.

Migodi mikubwa ilirudi: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka uliofuata. Andazi halikutetereka. Kilichoweza kulitikisa ni ngano yenyewe, maana serikali ilijaribu mashamba makubwa Basotu, Hanang, kwa msaada wa Kanada, lakini hadi leo sehemu kubwa ya ngano yetu huagizwa nje. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022, unga ulipanda bei. Mpishi akibanwa hivyo hupunguza donge badala ya kuongeza bei. Mteja huona, hununa, hula.