Kutoka Baraza la Chifu hadi Mahakama ya Rufani

Mkazi wa Chapwa, pembezoni mwa mji wa Tunduma, akidai deni leo anajua pa kuanzia: Mahakama ya Mwanzo. Asiporidhika atakata rufaa Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu, na ikibaki hoja ya kisheria, shauri laweza kufika Mahakama ya Rufani. Ngazi hiyo tumeizoea mno. Babu yake hakuwa nayo.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliwagawa Wanyamwanga, wenyeji wa huko, wengine huku, wengine ng'ambo ya mpaka. Upande huu ofisa wa Kijerumani alitoza kodi, akaamuru, akahukumu. Waingereza waliowafuata, chini ya Gavana Donald Cameron, walimpa chifu baraza lake, lakini sheria ya mahakama za wenyeji ya 1929 iliyatoa mabaraza hayo chini ya Mahakama Kuu. Rufaa zilipanda kwa bwana shauri, kwa mkuu wa jimbo, hadi kwa gavana. Aliyekutoza kodi ndiye aliyekusikiliza ukiilalamikia. Nayaeleza haya kwa sababu anayeuliza leo kwa nini jaji asiwe mtu wa serikali, jibu liko hapa, katika kumbukumbu za wazee wetu.

Mwaka 1963 machifu waliondolewa madarakani na mahakama zikaunganishwa katika mfumo mmoja. Hata hivyo jaji bado hakuwa na kipimo cha kuipimia sheria yenyewe, kwani Katiba ya Uhuru haikuwa na sura ya haki za binadamu. Haki hizo ziliingia katika Katiba mwaka 1984, na serikali ikapewa hadi Machi 1988 kujiandaa kabla mtu hajaweza kuishtaki kwazo.

Hapo ndipo mvutano wenyewe kati ya Mahakama na Bunge ulipoanza. Mchungaji Christopher Mtikila alidai raia agombee uongozi bila kulazimika kuwa mwanachama wa chama. Oktoba 1994, huko Dodoma, Jaji Lugakingira alimkubalia. Mwaka haujaisha, Bunge likaibadili Katiba na kuufunga mlango uliofunguliwa. Mtikila akarudi. Mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa haki tena. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema suala hilo ni la kisiasa na uamuzi ni wa Bunge.

Naielewa hofu ya majaji wale. Hawakuchaguliwa na mtu, na wakijipa uwezo wa kuitangua Katiba yenyewe, nani atawazuia? Lakini siafiki walipoishia. Ibara ya 107A inaitaja Mahakama kuwa mwenye kauli ya mwisho katika utoaji haki, na mtu aliyekwisha kushindwa bungeni akielekezwa arudi bungeni, kauli hiyo anaipata wapi? Juni 2013 Mahakama ya Afrika, jijini Arusha, ilimpa Mtikila ushindi. Alifariki Oktoba 2015. Mgombea binafsi hajaruhusiwa.

Uwezo wa mahakama una mpaka mwingine, nao unauma zaidi: hukumu haina mikono. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda shauri Mahakama Kuu dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye, na serikali ikatakiwa kuvirekebisha ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, vifungu vikabaki.

Tangu 2021, kwa mujibu wa sheria, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo mtu wa Chapwa ana nafasi kubwa zaidi ya kufuata hoja ya jaji. Lakini mwaka uliotangulia, sheria ya kudai haki za msingi ilibadilishwa: aliyefungua shauri akatakiwa kula kiapo kueleza jinsi yeye binafsi alivyoguswa. Binti wa miaka 15, akitaka kudai kilichoamriwa 2019, ndiye aliyetakiwa kusimama na kiapo hicho.