Floella Benjamin: Kutoka Jukwaani Hadi Madirisha ya Play School

Katika shule za Trinidad miaka ya 1950, watoto waliimbishwa wimbo wa taifa wa Uingereza, wakakaririshwa majina ya wafalme wake, na wakaaminishwa kwamba nchi ile ng'ambo ya bahari ndiyo mama yao. Wazee wetu waliosoma chini ya mkoloni Tanganyika, Kenya au Unguja hawahitaji kuelezwa zaidi. Mmoja wa watoto hao alikuwa Floella Benjamin, aliyezaliwa Pointe-à-Pierre mwezi Septemba 1949. Baba yake alikuwa askari polisi mwenye mapenzi makubwa ya jazi, na nyumbani kwao nyimbo hazikukauka.

Baba alitangulia Uingereza kutafuta maisha, mama akamfuata na watoto wawili wadogo. Floella na ndugu zake watatu wakabaki mikononi mwa walezi ambao, kwa simulizi lake mwenyewe, waliwatesa. Mwaka 1960 wanne hao wakapanda meli kuwafuata wazazi. Walipofika waligundua kuwa yule "mama" waliyemwimbia hakuwa na habari nao: mitaani walitukanwa kwa rangi yao, na shuleni matamshi yao ya Kitrinidad yakabezwa.

Akiwa na miaka 16 aliacha shule akaajiriwa benki. Ndoto yake ilikuwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa meneja wa benki nchini humo. Akaona tangazo la usaili wa waigizaji, akaenda wakati wa mapumziko ya mchana.

Mchezo wenyewe ulikuwa Hair. Tangu mwaka 1737, tamthilia ya Uingereza haikupanda jukwaani mpaka ofisa wa kasri la kifalme aipitishe maandishi yake. Sheria hiyo ilifutwa Septemba 1968, na siku iliyofuata tu Hair ikafunguliwa London, pamoja na tukio lake maarufu la waigizaji kusimama uchi. Floella, binti aliyelelewa kwa adabu za Karibiani, aliwaambia wasaili kuwa angeimba na kucheza lakini nguo havui. Wakamchukua hivyohivyo. Nadhani tukio hilo dogo linamweleza vizuri kuliko orodha ya vyeo vyake vyote: tangu mwanzo alijua anachokitaka na asichokubali.

Baada ya hapo akaigiza katika Jesus Christ Superstar, kisha mwaka 1975 katika The Black Mikado kwenye ukumbi wa Cambridge Theatre. Mchezo huu ulichukua opereta ya Kiingereza ya mwaka 1885, yenye kisa kilichotungwa kana kwamba ni cha Japani, ukaupiga muziki wake kwa mahadhi ya rege na kalipso. Patricia Ebigwei wa Nigeria, aliyekuja kujulikana kama Patti Boulaye, alikuwa mmoja wa nyota wake. Waigizaji karibu wote walikuwa weusi, isipokuwa Michael Denison, Mwingereza mweupe aliyecheza Pooh-Bah, ofisa aliyejilimbikizia kila cheo cha serikali. Aliyewahi kuishi chini ya bwana shauri ataelewa kwa nini ukumbi ulicheka.

Jukwaa la namna hiyo ni shule ngumu. Kwa kawaida maonyesho ni manane kwa wiki, mwigizaji anaimba, anacheza na kusema kwa wakati mmoja, na akikosea hakuna kurudia. Stadi hizo ndizo alizoingia nazo studio za BBC mwaka 1976, alipoanza kutangaza Play School.

Kipindi hicho cha watoto wa umri wa chekechea kilianza Aprili 1964 kwa bahati ya ajabu. Stesheni ya BBC2 ilipangwa kufunguliwa kwa mbwembwe usiku wa tarehe 20, umeme ukakatika London, na asubuhi yake Play School ikawa kipindi cha kwanza kamili kurushwa. Miongoni mwa watangazaji wake wa awali alikuwepo Paul Danquah, mwana wa mwanasiasa wa Ghana J. B. Danquah, kwa hiyo Floella hakuwa mtu mweusi wa kwanza pale.

Kazi yenyewe ukiitazama utadhani rahisi. Unasimama mbele ya madirisha matatu, la duara, la mraba na la upinde, unamwomba mtoto abahatishe ni lipi litafunguliwa leo, kisha kamera inapenya humo kwenda kuonyesha filamu fupi. Unaimba, unaruka, unazungumza na wanasesere. Ugumu ni kwamba mtoto wa miaka minne anamtambua mara moja mtu anayejifanya. Floella, nywele kasuka na kutia shanga, aliitazama kamera kama anayeongea na mtoto mmoja tu.

Akisoma hadithi hewani aligundua kuwa sura zote kwenye michoro ya vitabu ni nyeupe. Akamuuliza mtayarishaji, ambaye kumbe hakuwa amelitambua hilo. Tangu hapo sura za rangi nyingine zikaanza kuchorwa. Mwaka 1986 hata mwanasesere aitwaye Hamble akaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Poppy, mwanasesere mweusi. Kwa maoni yangu, michoro ile ilifanya kazi ambayo hotuba nyingi dhidi ya ubaguzi hazikuifanya, kwa sababu iliwafikia watu kabla hawajajua kuna cha kubishania.

Kipindi kilikoma mwaka 1988. Kufikia hapo alikwishaanzisha kampuni ya kutengeneza vipindi pamoja na mumewe. Baadaye akaandika Coming to England, kitabu cha utoto wake, akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Exeter kuanzia 2006 hadi 2016, na mwaka 2010 akaingia Baraza la Malodi. Kwa miaka mingi aliwasumbua wanasiasa wateue waziri wa watoto. Wa kwanza akapatikana mwaka 2003. Mei 2023, Mfalme Charles alipotawazwa, mmoja wa waliobeba fimbo zake za kifalme alikuwa yeye.

Mwaka 2024 BAFTA, taasisi ya filamu na televisheni ya Uingereza, ilimtunuku Fellowship, heshima yake ya juu kabisa. Ilikuwa miaka 48 tangu asimame kwa mara ya kwanza mbele ya madirisha yale.