Nyimbo zinazopendwa Congo zilitoka kwa watu waliokuwa mbali na kwao

Kila mahali pa kuchajia simu, mjini kama vijijini, swali moja halikosekani: siku hizi unasikiliza nini? Jibu haliji kwa maneno tu. Simu mbili zinawekwa karibu, wimbo unapita kwa Bluetooth bila kulipa unite, na mabishano yanaanza. Kijana anamtetea Fally Ipupa. Mama anataka Mbilia Bel. Mzee anauliza kama kuna mtu ambaye bado ana Franco au Jean-Bosco Mwenda. Kati yao wamo waliokimbia vita mara mbili au tatu, walioacha shamba, mbuzi na nguo, lakini kadi ya memori ilibaki ndani ya simu.

Kuna wanaosema huo ni mchezo wa watu wasio na kazi, kwamba mtu asiye na chakula hana haja ya muziki. Historia ya muziki wa Congo inasema vingine. Sehemu kubwa ya nyimbo zinazopendwa leo ilianzia kwa watu waliokuwa mbali na kwao, na ikaishi kwa sababu walisikilizishana.

Tuanzie Katanga. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906 kuchimba shaba, na ikahitaji mikono mingi. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na nchi ambayo leo ni Zambia. Walikutana kambini, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya jirani. Jioni, baada ya mgodi, gitaa lilipita mkono kwa mkono. Kila mtu alileta mapigo ya kwao, na mwenzake akayajaribu.

Katika mazingira hayo alikulia Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka wa 1930. Mwaka wa 1952, mtafiti Hugh Tracey alifika Jadotville, ambayo leo inaitwa Likasi, akiwa na mashine ya kunasa sauti. Alimkuta Mwenda, akamrekodi. Wimbo wake "Masanga" ulivuka mipaka, na wapiga gitaa wa nchi nyingi wakajaribu kuiga vidole vyake. Baadaye Mwenda na ndugu yake Edouard Masengo walikwenda Nairobi, wakasikika huko kwa Kiswahili cha Katanga.

Upande wa magharibi ilikuwa vivyo hivyo. Wendo Kolosoy, aliyezaliwa mwaka wa 1925, alikuwa fundi wa mashine kwenye meli za mto Congo. Kazi yenyewe ilimfanya mtu wa safari, leo bandari hii, kesho ile. Mwaka wa 1948, yeye na Henri Bowane walirekodi "Marie-Louise" kwa kampuni ya Ngoma, iliyofunguliwa Léopoldville mwaka huohuo na mfanyabiashara Mgiriki, Nicolas Jéronimidis. Wimbo ulipendwa kupita kiasi. Watu walisimulia kwamba ukipigwa usiku wa manane unaamsha wafu, na wamisionari hawakufurahia habari hiyo hata kidogo.

Wanamuziki wa wakati huo walikuwa pia wamesikia diski za Cuba, zilizoanza kuuzwa Afrika mwaka wa 1933. Hazikuwa ngeni sana masikioni mwao. Miongoni mwa watu waliopelekwa Cuba utumwani walikuwemo wengi kutoka bonde la Congo, na ngoma zao zilibaki katika muziki wa kisiwa kile. Wengi hulihusisha jina rumba na neno la Kikongo "nkumba", yaani kitovu, kwa sababu ya uchezaji wa zamani wa watu wawili kukaribiana. Kwa hiyo muziki uliotolewa kwa minyororo ulirudi ndani ya diski, na watoto wa nyumbani wakaupokea.

Wakati huo gramafoni ilikuwa mali ya wachache. Wengi walisikia muziki kwa jirani, kwenye baa, au chini ya vipaza sauti vilivyowekwa hadharani katika mitaa ya Waafrika ya Léopoldville. Kusikiliza peke yako kulikuwa anasa. Aliyekuwa na mashine alizungukwa na wasiokuwa nayo, na ndiyo maana wimbo mmoja uliweza kujulikana na mtaa mzima kwa siku chache.

Hata wimbo wa uhuru ulitungiwa ugenini. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1960, viongozi wa Congo walikwenda Brussels kujadiliana na Wabelgiji kwenye Meza ya Duara. Joseph Kabasele, anayeitwa Grand Kallé, alikuwa huko pamoja na African Jazz. Tarehe ya uhuru ilipokubaliwa, walitunga "Indépendance Cha Cha" papo hapo, wakataja viongozi na vyama ndani yake. Redio ikaupeleka Congo, kisha nchi nyingine za Afrika zilizokuwa zikisubiri siku yao.

Mashariki nako kulitoa watu wake. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka wa 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka wa 1978, akaimba kwa Kiswahili kuhusu umaskini, kifo na heshima ya mtu wa chini, na Watanzania wakamwita Dokta. Wimbo wake "Mambo kwa Soksi", uliohimiza watu kujikinga na UKIMWI, ulikataliwa na redio ya taifa, lakini watu waliujua hata hivyo. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipitia Uganda akafika Nairobi, na mwaka wa 1981 akaipa orkestra yake jina Virunga, jina la milima ya volkano ya Kivu. Mwenda ugenini hubeba kwao kwa namna anayoweza.

Mwezi wa 12 mwaka wa 2021, UNESCO iliiandika rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Congo zote mbili. Ni heshima kubwa, lakini urithi haulindwi na orodha peke yake. Mwenda anajulikana leo kwa sababu mtu alimfikia na mashine mwaka ule wa 1952. Wapiga gitaa wangapi wa kambi zilezile hawakufikiwa na mtu yeyote? Sauti zao ziliondoka nao.

Hapo ndipo jambo linawagusa waliokimbia. Mwezi wa pili mwaka wa 2025, kambi nyingi zilizozunguka Goma zilibaki tupu, na familia zikatawanyika kwa mara nyingine. Nyimbo za rumba hazitapotea kwa sababu hiyo, kwa kuwa ziko kwenye diski na simu za dunia nzima. Zilizo hatarini ni nyimbo za kuvuna, za kubembeleza mtoto, za harusi na za kilio, kwa Kinande, Kihunde, Kinyanga, Kitembo, Kihavu, Mashi au Kinyarwanda. Hizo ziko katika kichwa cha bibi mmoja tu, na bibi amechoka na safari.

Mashine ambayo zamani ilisubiriwa kutoka mbali sasa iko mfukoni mwa mjukuu. Simu ndogo ya kawaida yenye kinasa sauti inatosha. Mkae mbali na kelele, mzee aimbe, kisha aseme mwenyewe jina la wimbo, lugha, kijiji, aliyemfundisha, na wakati gani uliimbwa. Nakala moja ibaki kwenye simu, nyingine ipewe ndugu aliye mahali pengine, maana simu huibiwa na kadi huharibika.

Na siku mtu atakapouliza tena, unasikiliza nini siku hizi, mjukuu ampigie Fally Ipupa, kisha ampigie na bibi.