Jeni na maudhi ya dawa za saratani

Maudhi ya dawa za saratani, kama vile kutapika, vidonda vya mdomo, ganzi ya vidole na upungufu wa chembe nyeupe, hayampati kila mgonjwa kwa kiasi kimoja. Sehemu ya tofauti hiyo hurithiwa. Kwa watu wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ambao wengi hupewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, jambo hili ni zito, kwa sababu viwango vingi vya dozi na vipimo viliwekwa kwa kuwatazama watu wa Ulaya na Marekani.

Mfano ulio wazi ni Duffy, protini iliyo juu ya chembe nyekundu ambayo vimelea vya malaria aina ya vivax huitumia kama mlango. Karibu wenyeji wote wa Afrika Mashariki hawana Duffy kwenye chembe hizo, na hiyo ni sababu kubwa ya malaria ya Kagera kuwa hasa ya aina ya falsiparamu. Badiliko la jeni linaloiondoa Duffy hupunguza pia nyutrofili, aina ya chembe nyeupe, zinazohesabika kwenye damu. Mtu mzima mwenye afya aweza kuwa na 1,200 kwa mikrolita, na uboho wake ukawa unafanya kazi vizuri wala yeye haugui zaidi ya wengine. Lakini kliniki nyingi duniani huahirisha mzunguko wa tiba nyutrofili zikiwa chini ya 1,500. Aliyevuka ziwa usiku kucha kutoka bandari ya Kemondo anaweza kuambiwa chembe zake zimeshuka, arudi wiki ijayo, kumbe hazijashuka: ndivyo alivyozaliwa. Kuahirisha huko kunaipa saratani nafasi, na viwango hivyo havina budi kurekebishwa.

Vinkristini, dawa itokanayo na mmea wa Madagaska, inaonyesha upande wa pili. Hutibu limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Huweza kuleta ganzi, miguu kulegea na choo kigumu. Kimeng'enya CYP3A5 huivunja dawa hii mwilini. Katika utafiti wa watoto 78 nchini Kenya uliochapishwa mwaka 2018, takriban tisa kati ya kila kumi walikuwa na aina ya jeni inayokizalisha kwa wingi, na waliopata ganzi walikuwa wachache mno. Watoto wengi wenye asili ya Ulaya hawana kinga hiyo.

Hata hivyo, kinga hiyo huweza kuzimwa. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, ina watu wanaotumia dawa za kufubaza VVU huku wakitibiwa saratani ya Kaposi kwa vinkristini. Ritonavir, iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, huzuia vimeng'enya vinavyovunja vinkristini, na ganzi huongezeka.

Kwa fluorourasili, inayotumika kwa saratani ya utumbo, hatari iko katika mabadiliko ya DPYD, jeni ya kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Vipimo vinavyotafuta mabadiliko yaliyozoeleka Ulaya pekee huweza kuyakosa yale yanayopatikana kwa Waafrika.

Mgonjwa atunze majibu ya damu aliyopimwa kabla ya dripu ya kwanza, ayaonyeshe kila kliniki, na ataje dawa zote anazomeza. Homa wakati wa tiba ni dharura kwa kila mtu, mwenye Duffy na asiye nayo.