Mteremko wa Mai Mahiu na Waliotutoza

Dereva wa trela anayetoka Mombasa kwenda Malaba atacheleweshwa na mizani ya Mariakani, na ile ya Mlolongo itamkera, lakini kinachomtoa jasho ni mteremko wa Mai Mahiu. Nimeshika usukani pale miaka mingi. Unashusha gia mapema, kabla mzigo haujaanza kukusukuma, na unabaki na gia hiyo mpaka chini. Breki unazigusa na kuziachia. Anayezing'ang'ania atasikia harufu ya kuungua kabla hajafika kanisani. Anayetoa gia ili aokoe dizeli huenda asifike kabisa.

Kanisa lenyewe liko kando ya barabara, dogo mno, waumini kumi na kitu tu wanalijaza. Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita Waitaliano. Walikuwa wameshindwa kule Ethiopia na Somalia, Waingereza wakawaleta Kenya kuchonga barabara kwenye ukuta wa Bonde la Ufa. Kila nikipita hushangaa kwamba walipata nguvu ya kusali mahali palipowachosha hivyo.

Ukuta huo ulikuwa umewasumbua wengine kabla yao. Karibu na mwaka 1900 mainjinia wa reli ya Uganda, wakingoja njia ya kudumu ikamilike, waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma. Na kabla ya reli, misafara kutoka pwani iliyovuka nchi ya Wamaasai ililipa hongo: vitambaa, shanga, waya. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita mwaka 1883, alilipa kama wengine. Risiti hakupewa mtu, ila kila kiongozi wa msafara alijua anamlipa nani: wenye nyasi na maji, wenye mikuki. Heshima ikivunjwa, mambo yaliharibika. Novemba 1895, katika bonde la Kedong chini ya mteremko huu, watu wa msafara waliwachokoza Wamaasai, na mamia ya wapagazi Waswahili na Wakikuyu wakauawa.

Serikali huru nayo ilifikia kutoza. Sheria ya ushuru wa barabara ilipitishwa mwaka 1984, vituo vikajengwa, kimoja Gilgil, ambapo jina la Toll limebaki mpaka leo ingawa hakuna anayetozwa. Msinicheke, nilivipenda vile vituo. Foleni ilikuwa ndefu, kweli, na tanboi alikuwa akiruka chini na sarafu mkononi kabla lori halijasimama. Lakini ndani ya kibanda alikaa karani mwenye masikio. Barabara ikiwa na mashimo, alitukanwa yeye, akajibu, tukaendelea na safari tukiwa tumepoa.

Kisha sheria ya 1993 ikauhamishia ushuru kwenye mafuta, na pale kwenye pampu hakuna wa kutukana. Julai 2024 ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Jaza lita 400, umeacha shilingi 10,000 za barabara kabla hujawasha injini.

Sasa vibanda vinarudi. Mkataba wa mwaka 2020 na Wafaransa wa kupanua barabara hii ulivunjwa, na Novemba 2025 kazi ikazinduliwa chini ya kampuni za Wachina na NSSF, mfuko wa pensheni ambao hata mimi nilikatwa mshahara kuuchangia: kilomita 175 kutoka Rironi hadi Mau Summit, pamoja na 58 za kupitia Mai Mahiu hadi Naivasha. Barabara pana naitaka, nimeona wengi wakifa kwa kupita lori mbele ya kona. Ninachouliza ni kama ile 25 itapungua, maana kulipa kwenye pampu na kulipa tena getini ni kumchinja mbuzi mmoja mara mbili.

Vijana walioko barabarani hawangoji jibu. Ili wakwepe geti, wameshaanza kupiga hesabu ya kuzungukia Njabini na Ol Kalou mpaka Gilgil. Trela likiwa tupu, wanasema, hesabu inakubali. Likiwa na shehena, dizeli ya kupanda Kinangop inaimeza ile faida yote, afadhali ulipe.