Nairuzi na Hesabu ya Miongo

Neno Nairuzi asili yake ni Kiajemi, nalo lina maana ya siku mpya. Huko Iran siku hiyo huadhimishwa mwezi Machi, ilhali Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa huangukia Julai. Sababu ni hesabu: mwaka wa jua wa Waswahili ulikuwa na miongo 36 na siku tano za ziada, jumla siku 365, pasipo siku ya nyongeza, hivyo hurudi nyuma siku moja kila miaka minne.

Wapo waliolitumia neno hili kuthibitisha nasaba ya Kishirazi. Lakini neno husafiri pasipo ukoo. Wakulima na mabaharia waliihitaji kalenda hiyo, kwani mwaka wa mwezi mwandamo haufuatani na mvua wala pepo.