Alizeti Iliyosahaulika ya Kongwa

Mwanafunzi yeyote wa historia ya Afrika Mashariki amesoma habari za Mradi wa Karanga wa Tanganyika. Wachache hukumbuka kwamba katika mashamba yale yale ya Kongwa ilipandwa pia alizeti, nayo ikashindwa. Jambo hili si dogo, kwa sababu leo mikoa ya Dodoma na Singida ndiyo kitovu cha kilimo cha alizeti nchini Tanzania. Ikiwa kosa lilikuwa la ardhi, kama tunavyofundishwa mara nyingi, alizeti hii ya leo inaota wapi?

Mradi ulibuniwa mwaka 1946, Uingereza ilipokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita. Zilipangwa ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na kazi ifanywe kwa mashine. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mengine yanajulikana: mibuyu isiyong'oleka, vifaru vya kivita vilivyogeuzwa kuwa trekta, udongo wa mfinyanzi unaokauka ukawa kama saruji. Karanga huzaa chini ya ardhi, na kuzichimbua kwa mashine katika udongo kama huo kulikuwa kuvunja majembe bure.

Hapo ndipo alizeti ilipoitwa kuokoa jahazi. Kichwa chake kiko juu, kwa hiyo mashine hukivuna bila kugusa udongo, na mzizi wake mkuu hushuka mbali kutafuta maji. Kwa hesabu za ofisini lilikuwa wazo zuri. Ila uvumilivu wa alizeti una mpaka. Maji yakikosekana wakati wa kuchanua na kujaza mbegu, mkulima huvuna maganda matupu. Mvua za Kongwa ni chache, huja msimu mmoja, tena hukatika ghafla. Ukame ulipoingia, alizeti nayo ikaharibika. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango wake mkubwa, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa vitabuni.

Maoni yangu ni kwamba alizeti ya Kongwa ilishindwa kwa sababu ileile iliyoziangusha karanga: ratiba ilipangwa London, na shamba likatakiwa kuifuata. Mkulima mdogo hufanya kinyume. Hutazama mvua kwanza, hupanda kipande, hupalilia mapema kabla magugu hayajaishinda miche, huamia ndege mbegu zinapokomaa, na hukata vichwa mgongo wake ukishageuka manjano kuelekea kahawia. Kando yake ana mtama au uwele. Msimu ukimwangusha, hapotezi kila kitu.

Hata hivyo tusimpambe mno mkulima huyu, maana kuna jambo la pili ambalo bidii yake peke yake isingelitatua: nani anakamua? Mradi ulikusudia kulisha meza za Uingereza. Kijijini kungebaki mashimo ya visiki. Mwaka 1985 Carl Bielenberg alibuni nchini Tanzania mashine ndogo ya kukamua mafuta kwa mkono, inayosukumwa kwa mtaimbo mrefu. Mashine hiyo haikupenda mbegu zenye ganda gumu, hivyo ilikwenda sambamba na mbegu za ganda laini zenye mafuta mengi, hasa aina ya Record. Mafuta yakabaki jikoni na sokoni pa karibu, mashudu wakala mifugo. Sisi tunaotoka Uganda tunaielewa hali hii, kwani Lango nako alizeti imeshika mizizi kwa mashamba madogo na viwanda vilivyo jirani.

Basi swali la Kongwa halikwisha mwaka 1951. Limehamia mahali pengine. Tanzania bado huagiza mafuta mengi ya mawese kutoka Asia. Ushuru wa mafuta hayo ukipunguzwa, mlaji wa mjini hupumua, na mwenye magunia ya alizeti Singida huona bei ikishuka wakati mbegu zake tayari ziko ghalani. Mvua aliisoma vizuri. Ushuru hana pa kuusoma.